Watoto wa Siaya hawakuokolewa na pesa peke yake

Tangu Agosti 2025 ule utafiti wa Siaya, magharibi mwa Kenya, utoke watu hawajaacha kuuongelea, na karibu kila mtu ameshika upande mmoja akakimbia nao. Habari yenyewe kwa ufupi ni hii: familia maskini zilipewa kama dola 1,000 kila moja, bila masharti, pesa inaingia kwa simu unaitumia unavyotaka, na watafiti walipokuja kuhesabu wakakuta vifo vya watoto wasiofika mwaka mmoja vimepungua kwa karibu nusu, kutoka kama watoto 40 katika kila 1,000 wanaozaliwa hadi kama 21. Chanjo na dawa za malaria ndo huwa tunazisikia na namba kama hizo, si pesa taslimu. Basi kuna wanaosema si mmeona, tuachane na zahanati na miradi, mpe mtu pesa mkononi atajipanga mwenyewe. Na kuna wanaosema hizo ni pesa za wazungu, ziliisha na mambo yakaisha, hakuna cha kujifunza hapo. Mi naona wote wameisoma nusu. Ukiufuata huo utafiti mpaka ndani, pesa iliokoa watoto zaidi pale ambapo mama angeweza kufika hospitali yenye daktari, na iliwaokoa ikifika karibu na siku ya kujifungua. Figa moja haliinjiki chungu. Kwa hiyo hili si swali la pesa au hospitali, ni swali la bajeti: kodi yetu inaenda wapi, kwa nani, na inamfikia lini.

Na ili uelewe kwa nini nasema hivyo inabidi umjue mmoja wa waliofanya utafiti huo, kwa sababu hakuamka jana. Edward Miguel, wenzake humwita Ted, ni profesa wa uchumi pale Berkeley, California. Alisoma MIT, akamaliza udaktari wake Harvard mwaka 2000, na tangu hapo yuko Berkeley. Ukisikia mtaalamu wa fedha za umma unamfikiria mtu aliyezungukwa na vitabu vya bajeti na takwimu za mapato ya Marekani au Ulaya, lakini huyu sehemu kubwa ya kazi yake imetoka Busia na Siaya hapa Kenya, na Meatu kule Tanzania. Vijiji ambavyo hata wengi wetu Nairobi hatujawahi kukanyaga. Na swali lake ukiliangalia vizuri ni lilelile miaka zaidi ya 25: kitu gani kilipiwe na umma, kitu gani mtu aachiwe ajilipie, na ukimsaidia maskini leo nchi inapata nini kesho. Mimi humsoma hivyo, kama mtu wa kodi na matumizi ya serikali. Magazeti yetu yanamuandika kama mtu wa misaada, na hapo ndo kuelewana vibaya kunaanzia.

Anza na minyoo. Mwaka 1998 huko Busia, upande wa Funyula na Budalang'i, kulikuwa na shule za msingi 75 zenye wanafunzi zaidi ya 30,000. Shirika moja lilikuwa linataka kuwapa watoto dawa za minyoo lakini halikuwa na uwezo wa kuanza shule zote mara moja, ikabidi zingine zitangulie na zingine zingoje. Miguel na Michael Kremer, ambaye 2019 alikuja kupata Nobel pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, wakaitumia hiyo foleni kupima. Walichokuta ni kwamba utoro ulipungua kwa kama robo kwenye shule zilizopewa dawa, na cha kushangaza zaidi hata watoto ambao hawakumeza dawa walipata nafuu, kwa sababu minyoo inasambaa kupitia udongo na maji na vyoo, sasa mwenzako akipona na wewe unaambukizwa kidogo. Mtu yeyote aliyekulia kule anaijua hiyo picha, watoto pekupeku, uwanja wa shule wenye matope, choo cha shimo ambacho mvua ikinyesha sana kinafurika. Kinga ya mtoto wangu iko kwenye tumbo la mtoto wako.

Sasa hapo ndo fedha za umma zinapoingia, na mi hii ndo sehemu naipenda kuliko zote. Wafadhili walikuwa na imani kwamba mradi ukiwa wa bure haudumu, lazima wazazi wachangie kidogo wauone ni wao. Basi 2001 baadhi ya hizo shule zikaanza kutoza wazazi ada ndogo, ndogo kweli. Idadi ya watoto wanaopata dawa ikaanguka kwa asilimia 80. Hebu kaa na hiyo namba kidogo. Dawa ni ileile, shule ni ileile, mwalimu ni yuleyule, kilichobadilika ni kwamba mzazi aambiwe toa sarafu chache. Na si kwamba wazazi hawakuwapenda watoto wao, la. Faida nyingi ya ile dawa inaenda kwa jirani, na hakuna mzazi anayejilipia faida ya jirani wakati hata unga haujanunuliwa. Kitu ambacho faida yake inasambaa hivyo kinalipiwa na kodi ama hakilipiwi kabisa. Hii kitu si siasa ya kulia wala ya kushoto, ni hesabu.

Wengi wangeandika ile karatasi moja wakaondoka zao. Wao wakaamua kuwafuata watoto. Zaidi ya 7,500 kati ya wale wanafunzi wa Busia wamefuatiliwa mpaka leo ni watu wazima, wengine wako Nairobi, wengine Mombasa, wengine walivuka wakaenda Uganda, na timu inawatafuta mmoja mmoja, inauliza kwa mama, kwa mjomba, kwa mwalimu wa zamani, huyu mtoto sasa yuko wapi. Miaka 20 baadaye, ripoti ya 2021 ikasema wale waliopata dawa miaka miwili mitatu zaidi ya wenzao matumizi yao yako juu kwa asilimia 14 na kipato chao kwa saa kiko juu kwa asilimia 13. Na kabla ya hapo, 2016, walikuwa wameshapiga hesabu ya upande wa serikali: huyu mtu akipata zaidi atanunua zaidi, na akinunua sabuni na kredo ya simu analipa kodi ndani ya bei. Hesabu yao ikaonyesha serikali inaweza kurudishiwa kwa kodi zaidi ya ilichotoa kwa dawa. Kwa hiyo tunaposema huduma za jamii ni gharama tupu, tunakuwa tumefungua daftari ukurasa wa matumizi tu, ule wa mapato hatujaufungua.

Sitaki kuficha kwamba kazi hiyo ilipigwa vita. 2015 watafiti wa London waliirudia data yote na wakakuta makosa, hasa kwenye hesabu ya faida iliyofika shule za mbali, kati ya kilomita tatu na sita. Kulikuwa na mabishano makali, watu wakaandika kwa hasira pande zote, na mpaka leo kuna madaktari wanaosema ushahidi mwingine wa minyoo duniani hauonyeshi faida kubwa namna hiyo. Huo ni mjadala halali. Lakini angalia ulivyowezekana: Miguel na Kremer ndo waliotoa data yao ikarudiwa na watu wasiowapenda sana matokeo yao. Mtu anayekupa daftari lake ulikague ni tofauti na mtu anayekuambia niamini tu. Nchi hii tumeona miradi mingapi ya mabilioni ambayo daftari lake halijawahi kuonekana na mtu yeyote? Ile kupunguza utoro na ile faida ya karibu vilibaki, ya mbali ikapungua nguvu, na kila msomaji sasa anajua kipi asimamie na kipi awe nacho mashaka.

Kuna kazi yake nyingine ambayo inatuhusu sisi wa Kiswahili moja kwa moja na haizungumzwi hata kidogo. 2004 alilinganisha Busia ya Kenya na Meatu ya Tanzania, wilaya mbili za vijijini zenye makabila mchanganyiko. Ndani ya Busia, kila mahali ambapo makabila yamechanganyika zaidi, watu walichanga kidogo zaidi kwa shule yao. Kwa nini? Kwa sababu ukikataa kuchanga nani atakukemea, mtu wa kabila lingine akikemea inaonekana ni uadui, basi kila mtu ananyamaza na ukuta wa darasa unabaki nusu. Meatu hiyo tofauti haikuonekana. Maelezo aliyotoa ni yale ambayo Mtanzania yeyote wa makamo angekuambia bila kwenda Harvard: Kiswahili kila mahali, mtaala wa taifa, serikali za vijiji, miaka ya Nyerere ya kuambiwa sisi ni ndugu. Mi nikiisoma hiyo naona inaongea na mabishano ya leo kuliko hata ile ya minyoo, maana mtu hawezi kukubali kodi yake imlipie mtu asiyemuona kama wake. Kabla hujauliza kama tuna pesa za kusaidia maskini, uliza kwanza tunaposema maskini "wetu" tunamaanisha nani.

Haya, turudi Siaya. Kati ya 2014 na 2017 shirika la GiveDirectly liligawa pesa kwa kaya kama 10,500, katika eneo lenye vijiji 653, na vijiji gani vipate vilichaguliwa kwa bahati nasibu. Ndani ya kijiji kigezo kilikuwa paa: nyumba ya nyasi unapata, ya mabati hupati. Kila kaya ilipata shilingi 87,000 kwa M-Pesa kwa awamu tatu ndani ya miezi kama minane, kwanza 7,000, halafu 40,000, halafu 40,000 tena. Kwa eneo lile hiyo ni pesa nyingi ajabu, ilikuwa kama asilimia 15 ya uchumi wote wa pale. Dennis Egger, Johannes Haushofer, Miguel, Paul Niehaus na Michael Walker wakapima kila kitu, maduka, vinyozi, posho mill, bei za sokoni. Wakakuta kila dola iliyoingia ilizunguka ikazaa kama dola 2.5 za shughuli za uchumi, kwa sababu mwenye paa la nyasi alinunua mabati, muuza mabati akaita fundi, fundi akala kwa mama wa hoteli. Hata ambao hawakupewa hata senti maisha yao yalipanda. Na bei, ambazo kila mtu aliapa zitaruka, zilipanda kwa kiasi ambacho huwezi hata kukiona, kama asilimia 0.1.

Huu utafiti wa vifo vya watoto umejengwa juu ya pale pale. Timu ilirudi ikawauliza akina mama wa eneo lote kuhusu kila mtoto waliyemzaa, makumi ya maelfu ya uzazi, aliishi ama hakuishi. Naomba usipite haraka hapo kwenye kuuliza. Kule kwetu hilo si swali la kujibiwa wima. Mtu anakaribishwa ndani, anawekewa kiti, ndo mama anaanza kuhesabu kwa vidole, huyu yuko darasa la nne, huyu alikufa kabla hajapewa jina. Kutoka kwenye hayo majibu ndo tukapata ile 40 na ile 21.

Na ukiuliza pesa ilifanyaje kazi, majibu ni mawili makubwa. La kwanza, kina mama walijifungulia hospitali zaidi, ongezeko la kama asilimia 45. La pili, mama mjamzito wa miezi ya mwisho na yule aliyetoka kujifungua alipunguza kazi kwa karibu nusu, yaani hakuenda kulima shamba la mtu na mimba ya miezi nane ili apate mia mbili ya siku. Alikaa. Alikula. Mtoto alinyonya vizuri. Lakini faida kubwa ilikuwa kwa wale walio karibu na hospitali yenye daktari, wale wa mbali, ambao karibu yao kuna kituo kidogo tu, hawakuona tofauti ya namna hiyo. Na watoto waliofaidi ni wale waliozaliwa wakati pesa iko ndani ya nyumba. Hapo ndo unaona kwa nini nasema ile habari imesomwa nusu.

Mi hili silijui kwa kusoma tu. Binamu yangu alishikwa na uchungu saa nne usiku, sehemu moja ya magharibi ambayo sitaitaja. Pesa ya boda ilikuwepo, tulikuwa tumemtumia jioni ile. Walifika kituo cha afya wakakuta kufuli mlangoni, taa ya nje inawaka na hakuna mtu, nesi alikuwa mmoja na alikuwa ameshaenda kwake. Boda akasema twende ya mbele, kilomita 14 za barabara ya matope. Mtoto hakufika. Zile shilingi 1,500 zilirudi nyumbani bado zimefungwa kwenye leso. Kwa hiyo mtu akiniambia pesa mkononi inatosha mi nakumbuka ile leso.

Sasa tusikilize hoja. Iliyo dhaifu kuliko zote ndo inayopigiwa kelele zaidi: pesa za bure zinaleta uvivu. Wenye hoja hii hawajawahi kuonyesha kijiji kilichoacha kulima kwa sababu ya kupewa pesa. Siaya pamoja na kwamba 87,000 ilikuwa kama robo tatu ya matumizi ya kaya kwa mwaka, watu hawakuacha kazi, biashara ndo ziliongezeka mauzo. Mahali pekee ambapo kazi ilipungua waziwazi ni kwa wajawazito na wenye watoto wachanga, na pale kupungua kwa kazi ndo kulikookoa uhai. Mfanyakazi wa ofisini akipewa miezi mitatu ya likizo ya uzazi na mshahara wake kamili hatumuiti mvivu, sheria ya kazi inamlinda. Mama wa kijijini hana mwajiri, hana likizo, hana mtu wa kumlinda, akipewa pesa akapumzika wiki sita tunasema amezoeshwa vibaya. Kwa kweli hiyo hoja inaniuma, maana anayeitoa mara nyingi ni mtu ambaye mke wake alilala kitanda cha hospitali na mfanyakazi wa nyumbani akimngoja.

Hoja ya gharama ina uzito na siipuuzi. Serikali inalipa madeni kwanza, kinachobaki kinagombaniwa. Inua Jamii, mpango wa serikali yetu wa kuwapa pesa wasiojiweza, inampa mzee wa miaka 70 na kuendelea shilingi 2,000 kwa mwezi, zikija kwa wakati, na kwa kiwango hicho utahitaji zaidi ya miaka mitatu na nusu kufikia ile 87,000 ya Siaya. Hakuna waziri wa fedha atakayepata kiasi hicho kwa kila kaya maskini nchini, na mi simdai. Pia ni kweli kwamba ukitaka kuokoa uhai wa mtoto tu, basi kumpa kila maskini dola 1,000 ni njia ghali sana kulinganisha na chandarua ama chanjo. Lakini matokeo yenyewe yanakuonyesha pa kupunguza. Si lazima kila kaya, ni kaya yenye mjamzito. Si lazima mwaka mzima, ni miezi mitatu kabla na mitatu baada. Na kabla hujatuma hiyo pesa hakikisha ndani ya mwendo wa nusu saa kuna mahali pana daktari na damu na taa, la sivyo umemtumia nauli ya kwenda mahali ambapo hapafunguliwi.

Kuna hoja ya tatu ambayo wachumi wenyewe hawaipendi: kwa nini maskini wa Siaya na Busia ndo wafanyiwe majaribio miaka yote hii, wengine wapewe wengine wasipewe, halafu majina mbele ya karatasi karibu yote ni ya kigeni na maprofesa wako California? Hii naikubali nusu. Bahati nasibu yenyewe sioni dhambi, pesa haikuwa ya kutosha kila kijiji na kuchagua kwa kura ni haki kuliko kuchagua kwa chifu. Hata hivyo watu wenyewe hawakuamini haraka, kule Homa Bay 2015 wengi walizikataa pesa za shirika hilo hilo, uvumi ulienea kwamba ni za kishetani, na mi siwacheki hata kidogo, mtu aliyezoea kwamba kila anayekuja na zawadi ana kitu anataka atafanya nini zaidi ya kuogopa? Nusu nyingine ndo inaniumiza. Miaka 25 ya data ya watu wetu, na wizara zetu zinaisoma kupitia magazeti ya nje kama sisi wengine. Vyuo vyetu vina wachumi wazuri, lakini kumfuata mtoto mmoja kwa miaka 20 kunahitaji mshahara wa watafiti unaolipwa kwa miaka 20, na hakuna bajeti ya kaunti wala ya taifa niliyoiona ikitenga hiyo pesa. Tusimlaumu Miguel kwa kukaa. Tujiulize kwa nini hatuna wetu aliyepewa nafasi ya kukaa muda wote huo.

Na kuna wanaomuona kama mpiga debe wa kila kitu kinachogawiwa bure. Hao hawajasoma kazi ya umeme. Yeye na Kenneth Lee na Catherine Wolfram walichukua vijiji 150 vya Busia na Siaya ambavyo tayari vina transfoma, wakapunguza bei ya kuunganishwa kutoka ile 35,000 ya wakati huo. Hata ikishuka hadi 15,000 ni kaya kama moja kati ya nne tu zilizokubali, ilipokuwa bure karibu zote. Lakini baada ya mwaka na nusu hawakukuta mabadiliko makubwa ya maisha, na gharama ya kuvuta nyaya ilizidi faida waliyoiona. Wakaandika hivyo hivyo, wakati serikali nzima ilikuwa inaimba umeme kwa wote. Watu wa kawaida walijua sababu, taa moja na kuchaji simu, kwa sababu pasi na friji na mashine ya kuchomelea hakuna wa kununua. Ni kitu kilekile kama pesa bila hospitali.

Sasa hivi Kenya hili linatugusa wapi? Tangu Oktoba 2024 tuna SHA, bima ya afya ya taifa, mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75, na asiye na mshahara anapimwa uwezo halafu anatakiwa alipe si chini ya 300 kwa mwezi, tena aitoe ya mwaka kwa mkupuo. Hiyo ni 3,600 kwa mara moja kutoka kwa muuza omena. Waliojiandikisha ni wengi, wanaolipa ni wachache, na kila siku kuna kiongozi anasimama kuwaambia wananchi ni wazembe. Mi narudi Busia 2001. Ada ndogo, asilimia 80 wakaacha. Kama tulikuwa na ushahidi huo miaka zaidi ya 20, tena kutoka kwa watu wetu wenyewe, kwa nini tumejenga mfumo mzima wa afya juu ya imani kwamba maskini atalipa kwanza kabla hajaugua? Na Julai 2025 USAID, shirika la misaada la Marekani, ikafungwa rasmi, kliniki nyingi zilizokuwa zinategemea watumishi na dawa za upande ule zikabaki na meza. Mtu anayetumia habari ya Siaya kusema sasa tugawe pesa tuache vituo, anasema hivyo mwaka ambao vituo vyenyewe vinadhoofika.

Tanzania wana kitu ambacho sisi tungekiangalia. TASAF, mfuko wa serikali yao wa maendeleo ya jamii, ipo tangu 2000, na mpango wake wa kunusuru kaya maskini umekuwa ukimpa mzazi ruzuku na kumtaka ampeleke mtoto kliniki na shule. Kuna mabishano kama masharti yanasaidia ama yanasumbua, na ushahidi wa Siaya unaonyesha hata bila sharti mama alikwenda hospitali mwenyewe alipopata nauli. Mi ningelegeza masharti. Lakini wazo la ndani, kwamba pesa ya kaya na kliniki ya kijiji ni mpango mmoja unaoangaliwa na watu wanaoongea, hilo ni sahihi. Kwetu Inua Jamii iko wizara moja, SHA wizara nyingine, na zahanati ni ya kaunti, kila mmoja ana bajeti yake na gari lake.

Kwa hiyo bajeti ya kaunti ikija na wakatuita ukumbini kutoa maoni, mi swali langu nimeshaliandika. Sitauliza mmetenga ngapi kwa afya. Nataka orodha ya vituo vyenye daktari usiku, kimoja kimoja kwa jina, na idadi ya wajawazito wanaoishi zaidi ya nusu saa kutoka kila kimoja. Wale walio ndani ya hiyo nusu saa watumiwe pesa mwezi wa saba wa mimba, hata 10,000 tu kwa kuanzia. Wale walio nje, tuanze na nesi wa pili na mtu wa kushika ufunguo.